Mafuta Yanapozama: Matope ya Hori za Mombasa na Wanaoishi Ndani Yake

Mafuta yanapomwagika baharini, picha zinazosambaa huwa ni zile zile: utando mweusi unaoelea, ndege aliyelowa asiyeweza kuruka, vibarua waliovaa mabuti wakikokota vizuizi vya plastiki majini. Baada ya siku chache utando hutoweka, wapiga picha huondoka, na tangazo hutolewa kwamba hali imerejea kuwa ya kawaida. Kwa bahari kuu yenye mawimbi na kina kirefu, tangazo la aina hiyo huenda likakaribia ukweli. Kwa hori iliyozingirwa na nchi kavu, yenye maji ya kina kifupi, mkondo dhaifu na matope mengi, tangazo hilo huwa ni taarifa kuhusu uso wa maji tu, wala halisemi lolote kuhusu mahali ambako mafuta yameelekea. Nimeishi kando ya hori ya Port Reitz, Mombasa, kwa muda wa kutosha kuchoshwa na matangazo hayo, na ndiyo maana leo ninaandika kuhusu matope.

Msomaji asiyeifahamu Mombasa apate kwanza sura ya mahali penyewe. Kisiwa kimekumbatiwa na hori mbili kubwa, Tudor upande wa kaskazini na Port Reitz upande wa kusini-magharibi, na kati ya hizo mbili uko mkono mwembamba wa Makupa unaokitenga kisiwa na bara ya Changamwe. Mito ya Mwache na Cha Shimba humwaga maji yake Port Reitz, na wakati wa masika huja na udongo mwingi ambao hutua polepole pale ambapo maji yametulia. Kingoni imeota mikoko ya kila namna: mililana mbele, panapofikwa na maji karibu kila wakati, kisha mikoko yenyewe yenye mizizi ya matao, na nyuma yake mikandaa na michu. Ukingo huo huo ndio uliopewa shughuli za mafuta. Gati la Kipevu, matangi ya Shimanzi, bomba linalopeleka mafuta Nairobi, na kiwanda cha Changamwe kilichoanza kusafisha mafuta ghafi mwaka 1963 na kuacha mwaka 2013, vyote viko katika eneo ambalo mtu mwenye pikipiki anaweza kulizunguka kabla ya adhuhuri.

Ajali kubwa zinajulikana. Mwaka 1988 tangi moja lilitoboka na takriban tani 5,000 za mafuta zikaingia Makupa, na mikoko ya eneo la hekta 10 hivi ikafa. Mwezi Aprili 2005 meli ya mafuta Ratna Shalini ilitoboka bandarini na kumwaga zaidi ya tani 200 za mafuta ghafi, ambayo maji kujaa yaliyasukuma mpaka ndani kabisa ya mikoko ya Port Reitz. Hizo ndizo zilizoandikwa magazetini. Zisizoandikwa ni zile za kila siku: oili chafu inayomwagwa mtaroni nyuma ya gereji, maji ya mvua yanayoosha barabara ya malori ya Changamwe, dizeli inayovuja kwenye injini za mashua, na masizi ya taka zilizochomwa kwa miaka mingi katika jaa la Kibarani, ambalo lilikuwa ukingoni mwa Makupa. Mimi huona kwamba tukiwa na ajali moja kubwa ya kulaumu, huwa tunajisahaulisha vijito hivi vidogo ambavyo havina jina la meli wala tarehe.

Sasa tuyafuate mafuta yenyewe. Mafuta ghafi ni mchanganyiko wa maelfu ya hidrokaboni, yaani viungo vilivyojengwa kwa kaboni na hidrojeni, na kila kimoja kina tabia yake. Vile vyepesi, kama benzini na toluini, hupaa hewani upesi, hasa katika joto la pwani; hivyo ndivyo vinavyowapa watu maumivu ya kichwa siku ya kwanza. Vinavyobaki ni vizito, na sifa yao kubwa ni kwamba haviyeyuki majini kwa urahisi. Kitu kinachoyakwepa maji hutafuta pa kujishikiza, na katika hori hakuna pa kujishikiza panapozidi chembe za udongo mfinyanzi na mabaki ya majani yaliyooza. Chembe hizo ni ndogo mno, kwa hiyo gramu moja ya matope ina uso mkubwa wa kunatwa kuliko gramu moja ya mchanga. Mafuta hushikana nazo, chembe huelemewa, zote huzama pamoja, na mvua inayofuata huleta tabaka jingine la udongo juu yake. Hivyo ndivyo utando unavyotoweka.

Katika kundi hili zito, zinazowashughulisha zaidi wataalamu ni hidrokaboni aromatiki zenye pete nyingi, ambazo zimejengwa kwa pete za kaboni zilizoungana. Naftalini, ile ya vidonge vyeupe vinavyowekwa kabatini kufukuza nondo, ina pete mbili. Benzopaireni, ambayo inajulikana kusababisha saratani kwa binadamu, ina pete tano. Kadiri pete zinavyoongezeka, ndivyo kiungo kinavyozidi kuwa kigumu kuvunjwa na bakteria na ndivyo kinavyozidi kung'ang'ania matope. Idara ya mazingira ya Marekani iliorodhesha 16 kati ya hizo kuwa za kupewa kipaumbele, na orodha hiyo ndiyo inayotumiwa na maabara nyingi duniani, ingawa mafuta yenyewe yana nyingine nyingi zisizomo ndani yake.

Bakteria wanaokula mafuta wapo, na wapo kwa wingi, hata Mombasa. Tatizo ni hewa. Ukilichota tope la hori kwa koleo na kulikata wima, utaona juu kabisa utepe mwembamba wa rangi ya kahawia, mara nyingi wa milimita chache tu, na chini yake tope jeusi linalonuka yai viza. Utepe wa kahawia ndiko oksijeni inakofika. Weusi na harufu ni dalili ya salfaidi, na ni ishara kwamba huko chini bakteria wanaishi bila oksijeni. Bila oksijeni kazi ya kuvunja hidrokaboni haisimami kabisa, kwa sababu wako bakteria wanaotumia salfeti ya maji ya bahari badala yake, lakini huenda kwa mwendo wa kobe. Mafuta ambayo yangeliwa kwa miezi kadhaa juu ya mchanga wenye hewa yanaweza kukaa miongo kadhaa katika tope jeusi.

Lakini ukiliangalia lile pande la tope kwa makini utaona kwamba weusi wake umetobolewa. Kuna mirija iliyoshuka kutoka juu, na kuta za kila mrija zina rangi ile ile ya kahawia iliyo usoni. Haya ni mashimo ya kaa wadogo wenye gando moja kubwa, ya kaa wekundu wanaokokota majani ya mikoko, ya kamba wachimbaji, na ya minyoo ambayo wavuvi huifukua kwa chambo. Maji yanapojaa na kupwa, mashimo hayo huvuta maji yenye oksijeni mpaka sentimita 20 au 30 chini, mahali ambako hewa isingefika kamwe kwa kujipenyeza yenyewe. Kaa pia hupandisha tope la chini na kulimwaga juu, ambako jua, hewa na bakteria hulishughulikia. Kwa maneno mengine, wanyama hawa ndio wanaoligeuza na kulipumulisha tope la hori, na bila wao lingekuwa jeusi kuanzia juu hadi chini.

Hapo ndipo ubaya wa mafuta ya matopeni ulipo, na ndilo jambo ambalo ningependa lishikwe kuliko yote katika maandishi haya. Mafuta huwaua au kuwadhoofisha hasa wale wachimbaji. Wachimbaji wakiondoka, mashimo huporomoka, oksijeni hukatika, bakteria wenye kasi hulala, na mafuta hupata makazi ya kudumu. Na kwa kuwa mafuta yamedumu, wachimbaji wapya hawawezi kuhamia. Ni sawa na kumfukuza mfagizi kisha kulalamikia taka. Kudumu kwa uchafu kwa hiyo hakutegemei kiasi kilichomwagika peke yake: eneo lililopata mafuta kidogo lakini likapoteza kaa wake laweza kuchelewa kupona kuliko jingine lililopata mafuta mengi zaidi na kubaki na wachimbaji wake.

Ushahidi ulioandikwa vizuri kuliko wote ninaoujua unatoka mbali na kwetu. Tarehe 16 Septemba 1969 tishari lililoitwa Florida lilipanda mwamba karibu na West Falmouth, katika jimbo la Massachusetts, Marekani, likamwaga takriban lita 700,000 za mafuta mepesi yanayokaribiana na dizeli, ambayo hutumika kupashia nyumba joto. Si kiasi kikubwa ukilinganisha na ajali mashuhuri za meli. Lakini ajali ilitokea kilomita chache tu kutoka taasisi ya utafiti wa bahari ya Woods Hole, na watafiti wake, miongoni mwao mkemia Max Blumer na mwanabiolojia Howard Sanders, walianza kuchukua sampuli za matope karibu mara moja na kuendelea kwa miaka. Dhana iliyotawala wakati huo ilikuwa kwamba mafuta mepesi hupaa na kwisha. Wao waliyakuta ndani ya mashapo, na wakaona yakienea sakafuni kuelekea sehemu ambazo hazikuguswa siku ya ajali.

Walichokiona kwa upande wa viumbe ni somo kamili. Wengi wa wanyama wa sakafuni walikufa katika siku za mwanzo. Kisha, katika tope lililobaki tupu, alijitokeza mnyoo mmoja mwembamba aitwaye Capitella capitata na kuongezeka kwa idadi ya kushangaza. Mnyoo huyu hukomaa upesi, huvumilia upungufu wa oksijeni, na hustawi pale wenzake waliposhindwa. Mtu asiyejua angehesabu wanyama wa sehemu hiyo na kusema kwamba uhai umerejea, kwa sababu idadi ilikuwa kubwa. Uhai wa aina moja inayofurika baada ya nyingine zote kutoweka ni dalili ya ugonjwa, na tangu wakati huo Capitella amekuwa kama muhuri wa tope lililoharibika.

Mwaka 2000, zaidi ya miaka 30 baada ya ajali, watafiti walirudi katika kinamasi cha Wild Harbor, huko huko West Falmouth, na kuzamisha bomba la kuchukulia sampuli. Mafuta yalikuwepo bado, kati ya sentimita 6 na 28 kutoka juu. Juu ya ardhi nyasi zilikuwa za kijani na mahali palionekana pazima. Uchunguzi uliofuata ulitazama kaa wenye gando moja kubwa, ndugu wa hawa wetu, na ukaona kwamba katika sehemu yenye mafuta kaa huchimba mpaka wanapokaribia tabaka lenye mafuta kisha hukatiza au kukunja kando. Mashimo yao yalikuwa mafupi, walikuwa wachache kwa kila mita ya mraba, walikula polepole, na walichelewa kukimbia walipotishwa. Kaa anayechelewa kukimbia ni chakula cha ndege. Na tazama jinsi mduara unavyofungika: kaa hawalifikii tabaka lenye mafuta, kwa hiyo tabaka hilo halipati hewa, kwa hiyo mafuta hayaliwi.

Nikirudi Port Reitz na picha hiyo akilini, naona sababu za kutarajia afueni na sababu za kuhofu zaidi. Joto letu huwapa bakteria kasi ambayo Massachusetts, penye majira ya baridi kali, haina. Kwa upande mwingine, matope ya mikoko ni laini na yana mabaki mengi ya majani kuliko kinamasi cha nyasi, na mizizi ya mikoko huzuia mawimbi yasiyasuuze matope hayo. Panama ilipata tukio linalofanana zaidi na letu: mwezi Aprili 1986 tangi la kiwanda cha kusafisha mafuta lilipasuka na kumwaga takriban lita milioni 8 za mafuta ghafi katika ghuba ya Las Minas, karibu na kituo cha utafiti cha Galeta. Watafiti waliofuatilia mikoko ya huko, katika joto kama letu, walifikia makadirio kwamba sumu ingebaki katika tope la chini kwa miaka 20 au zaidi. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia ninapoifikiria Makupa ya 1988.

Si kila kiumbe huathirika sawa, na tofauti hizi zina manufaa kwa anayetaka kupima. Walio dhaifu kupita wote ni amfipodi, vidudu vya jamii ya uduvi vinavyojenga nyumba ndogo juu ya tope. Meli Amoco Cadiz ilipovunjika pwani ya Brittany, Ufaransa, mwezi Machi 1978, amfipodi wa jenasi Ampelisca katika ghuba ya Morlaix walikaribia kwisha kabisa, na ilichukua zaidi ya muongo mmoja wakarejea kwa wingi. Kuchelewa huko kulitokana na uzazi wao: majike hubeba mayai mwilini na watoto hawaelei baharini, hivyo hakuna mkondo unaoweza kuleta wapya kutoka mbali. Minyoo wengi wana mabuu yanayosafiri na maji. Ndiyo maana baadhi ya watafiti hulinganisha idadi ya minyoo wavumilivu na idadi ya amfipodi, na uwiano huo ukipanda hujua kwamba jambo limetokea. Kwa wanyama wadogo zaidi, wasioonekana bila hadubini, hulinganisha kwa njia hiyo hiyo nematodi wagumu, yaani minyoo midogo mno, na kopepodi dhaifu, vidudu vya jamii ya uduvi.

Konokono na chaza ni habari nyingine, na hii inagusa sufuria zetu. Samaki anazo kemikali ini mwake zinazovunja hidrokaboni za pete na kuzitoa kupitia nyongo, kwa hiyo nyama yake huweza kupimwa na kuonekana safi ingawa amepitia maji machafu. Chaza, kombe na kome wana uwezo hafifu sana wa kuvunja vitu hivyo, na papo hapo kazi yao ya kutwa ni kuchuja maji yenye chembe za matope. Wanachokipata hukilimbikiza. Kwa sababu hiyo mwanasayansi Edward Goldberg alipendekeza mwaka 1975 kwamba kome watumike kama walinzi wa pwani, na programu za namna hiyo zikaanzishwa katika nchi kadhaa. Chaza akihamishiwa maji safi hujisafisha kwa kiasi kikubwa baada ya majuma kadhaa, lakini aliyejishikiza kwenye mzizi wa mkoko hahami, na tope lililo chini yake halibadiliki. Wanaookota chaza na kombe maji yanapokupwa ni akina mama na watoto zaidi kuliko mabaharia, na huko kwetu vipimo vya samaki wa sokoni ndivyo hufikiriwa kwanza. Naona hesabu hiyo imepinduliwa.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya nchi za baridi hulipa nafasi ndogo. Baadhi ya hidrokaboni hizi, kama antrasini na paireni, zikiwa ndani ya mwili wa kiumbe na kiumbe huyo akapigwa na mionzi ya urujuanimno ya jua, huwa na sumu maradufu na zaidi, kwa sababu mionzi huzichochea zitoe oksijeni kali inayounguza chembe hai. Viumbe wanaodhurika hivi ni wale wenye miili angavu: mabuu, kaa wachanga, minyoo isiyo na ganda. Sasa angalia saa za bahari yetu. Maji ya bamvua pwani ya Kenya hupwa kabisa kuelekea saa nne au tano za asubuhi, jua likiwa limekwisha kupanda, na tope lote la hori hubaki wazi likipigwa na jua la karibu na ikweta. Kipimo cha sumu kilichofanywa katika maabara chini ya taa ya kawaida hakiwezi kueleza hali hiyo.

Niseme kidogo kuhusu usafishaji. Mafuta yakishaingia kati ya mizizi, nia njema huweza kuleta madhara kuliko kutofanya kitu, kwa kuwa kila hatua ya buti huyakanyagia mafuta chini zaidi, yakatoka katika utepe wenye hewa na kuingia katika weusi, na hupondaponda mashimo ya kaa waliosalia. Nafasi ya kuokoa tope iko kabla mafuta hayajalifikia. Wamauritius walilielewa hilo mwezi Agosti 2020, meli Wakashio ilipopasuka juu ya mwamba karibu na Pointe d'Esny na kumwaga takriban tani 1,000 za mafuta ya meli: watu walishona vizuizi kwa majani makavu ya miwa na kuvitandaza katika maji yaliyo kati ya mwamba na ufuo wakati wengine wakisubiri msaada wa ng'ambo.

Upimaji nao una mitego yake. Majirani huniita mara kwa mara kuniambia kwamba mafuta yamemwagika tena, nami nikifika nakuta utando wenye rangi za upinde wa mvua juu ya dimbwi la mikokoni. Chukua kijiti uuguse. Ukipasuka vipande vipande vyenye kingo kali, kama barafu nyembamba, na vipande visirudiane, huo umetengenezwa na bakteria wa madini ya chuma na ni jambo la kawaida mahali penye majani yanayooza. Ukivutika, ukazunguka kijiti na kujifunga tena nyuma yake, hayo ni mafuta. Jaribio hili halihitaji maabara na limewaokoa watu wengi na hofu ya bure. Pia limewahi kuthibitisha hofu iliyokuwa ya haki.

Maabarani mtego ni ule ule kwa sura nyingine. Ukipima jumla ya hidrokaboni katika tope la mikoko utapata namba kubwa hata mahali ambapo hapajawahi kufika tone la mafuta, kwa sababu nta inayofunika majani ya mikoko yenyewe ni hidrokaboni. Tofauti iko katika mpangilio. Nta ya majani hupendelea minyororo yenye idadi witiri ya kaboni, 27, 29 na 31, na katika mchoro wa mashine huonekana kama vilele virefu vinavyopishana na vifupi. Mafuta ya petroli hayana upendeleo huo, witiri na shufwa hulingana, na yakishazeeka matopeni huacha chini ya vilele kama kilima kipana cha maelfu ya viungo ambavyo mashine haikuweza kuvitenganisha. Zaidi ya hapo, hidrokaboni za pete zilizotoka katika mafuta ghafi zina matawi mengi ya kaboni ubavuni, ilhali zile za masizi, yaani za moshi wa malori na taka zilizochomwa, mara nyingi huwa tupu. Ripoti inayotoa jumla moja tu bila mchanganuo huo haimwambii msomaji kama anasoma habari za meli, za gereji au za majani yaliyodondoka, na ripoti za namna hiyo nimeziona.

Viwango vinavyonukuliwa sana vya jumla ya hidrokaboni za pete vilichapishwa mwaka 1995 kutokana na takwimu za Marekani: chini ya nanogramu 4,022 kwa gramu ya tope kavu madhara kwa wanyama huwa ni nadra, na juu ya nanogramu 44,792 huwa ni ya mara kwa mara. Vinasaidia kama taa ya njiani, lakini mwenye hori ya kitropiki asivikabidhi uamuzi wote. Hidrokaboni zilizofungwa ndani ya punje ya masizi hazimfikii mnyoo kwa urahisi hata namba ikiwa kubwa, na za dizeli mbichi humfikia upesi hata namba ikiwa ndogo. Ndiyo maana kazi nzuri huweka pamoja vipimo vitatu: kemia ya tope, jaribio la kuwaweka wanyama hai katika tope hilo, na hesabu ya wanyama waliokutwa mahali penyewe. Cha tatu ndicho hukatwa kwanza bajeti inapopungua, kwa sababu kuchekecha tope na kutambua minyoo mmoja mmoja chini ya hadubini ni kazi ya majuma, na wataalamu wake ni wachache.

Mwaka 2022 daraja jipya la Makupa lilifunguliwa na tuta la zamani lililokuwa limeziba mkono huo likaondolewa, ili maji yapite tena kati ya pande mbili. Nilifurahi, na bado nafurahi, kwa sababu maji yanayopita ni oksijeni, na ni mabuu ya kaa na minyoo wapya. Hata hivyo maji yakipata kasi huchota tope pale yanapopita na kulitua kwingine. Tope la Makupa lilikusanya uchafu wa miaka mingi likiwa limetulia nyuma ya tuta, na kiasi chochote cha mafuta ya 1988 kilichosalia chini kingekuwa salama zaidi kikifukiwa kuliko kikifunuliwa. Kuchimba njia za meli huleta swali hilo hilo kwa kiwango kikubwa zaidi. Jibu hupatikana kwa mabomba ya sampuli yaliyozamishwa mahali pale pale kabla na baada, na kukatwa sentimita kwa sentimita. Tope lililokorogwa katika ndoo moja haliwezi kusema ni tabaka lipi lenye nini.

Vikundi vya vijana na akina mama wanaopanda mikoko Mikindani na Jomvu tayari wako matopeni kila maji yakipwa, na sehemu ya kazi hii iko ndani ya uwezo wao bila hadubini. Kuhesabu mashimo ya kaa ndani ya fremu ya mbao ya nusu mita kwa nusu mita, katika sehemu zile zile, kabla ya masika na baada yake, kutaonyesha ni wapi wachimbaji wamepungua. Na kabla ya kupanda miche mahali palipo wazi bila sababu inayoonekana, ni vema lichimbwe kwanza shimo moja la kina cha mkono. Mche hushika vizuri mwanzoni, kwa kuwa mizizi yake ya kwanza iko katika tope jipya la juu. Hunyauka baadaye, mizizi inapolifikia tabaka la zamani. Wakikuta huko chini tope linalonuka dizeli, au maji yaliyojikusanya shimoni yakawa na utando unaojifunga nyuma ya kijiti, wapaache mahali hapo kwa sasa, wapaandike, wapime umbali wake kutoka mti mkubwa ulio karibu, kisha wapeleke miche yao mahali ambapo kaa wamekwisha kuchimba.